Barua ya wazi kwa wasimamizi wa chakula: Dawa yangu hunieleza ilivyotengenezwa, pakiti ya biskuti imenyamaza

Kwa: Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka inayosimamia usalama na ubora wa chakula
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya biashara, wenye viwanda vya vyakula na waagizaji

YAH: HAKI YA MLAJI KUAMBIWA KAMA CHAKULA CHAKE KIMETOKANA NA MAZAO YA GMO (YALIYOBADILISHWA JENI KWA UHANDISI)

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima.

Naomba radhi kwanza kwa kukuandikia hadharani, maana haikuwa nia yangu. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe mapokezini, ikagongwa muhuri, nikaondoka na nakala yangu. Ya pili niliituma kwa baruapepe, nikajibiwa na mashine kwamba malalamiko yangu yamepokelewa na yamepewa namba. Ya tatu niliiandika kukumbushia hiyo namba. Tangu hapo kimya. Ofisi yako siitaji kwa jina, na kiwanda ninachokilalamikia sikitaji pia, kwa sababu sitaki karani aliyenipokea kwa adabu aje abebeshwe lawama isiyo yake. Anayehusika atajijua.

Nijitambulishe kidogo ili usinidhanie vibaya. Mimi ni babu wa miaka sitini na kitu, nina kisukari, na kila asubuhi kabla ya chai najidunga insulini. Insulini yenyewe imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo wagonjwa wenzangu waliishi kwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Kwa hiyo mimi si adui wa uhandisi jeni. Niko hai kwa ajili yake. Na hayo yote sikuyajua kwa kusomea. Niliyakuta kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya kasha la dawa. Herufi ni ndogo kama mchwa, lakini imeandikwa wazi kwamba dawa hii imetengenezwa ndani ya bakteria kwa teknolojia ya kuunganisha DNA. Nilipoisoma mara ya kwanza sikukimbia wala sikuitupa. Nilijidunga, nikanywa chai yangu.

Sasa tuje kwenye biskuti.

Daktari ameniruhusu moja, mbili sukari ikishuka. Siku hiyo nilikuwa nimekaa na mjukuu wangu, nikamwambia anishikie lenzi ya kukuzia tusome pakiti. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, sharubati ya mahindi, lesithini ya soya (kitu cha kuchanganyishia mafuta na maji), wanga wa mahindi uliobadilishwa, chumvi. Mtoto akaruka: “Babu, hii hapa! Wameandika uliobadilishwa!” Nikafurahi naye, nikadhani tumepata. Baadaye nikaja kuelewa kwamba tumekosea wote wawili. Wanga uliobadilishwa ni wanga uliopitishwa kwenye joto, asidi au vimeng'enya ili uzito wake uwafae wapishi wa kiwandani. Hilo halina uhusiano wowote na vinasaba. Yaani neno pekee lililoonekana kama jibu lilikuwa linajibu swali jingine, na vitu vilivyostahili kuulizwa, yaani mafuta, sharubati, lesithini na pengine hata sukari, vilikaa kimya.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoko nyuma ya pakiti.

“Naomba kujua mahindi na soya iliyomo humu ni ya GMO au siyo.”

“Mzee wangu, bidhaa zetu zote zinakidhi viwango vya ubora.”

“Nashukuru, mwanangu. Sasa, ni ya GMO?”

“Mzee, zimekaguliwa na mamlaka husika.”

“Sijasema ni mbaya. Nimeuliza ni ya aina gani.”

Akaniwekea muziki. Dakika kumi na moja za muziki, nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Aliporudi akaniambia swali langu litafikishwa kitengo husika. Mamlaka husika ni wewe, Mheshimiwa. Kitengo husika sijakiona mpaka leo.

Basi naomba nikueleze hoja zangu kwa mpangilio, kama nilivyofanya kwenye zile barua tatu.

1. Mlaji hana njia nyingine ya kujua.

Hili ndilo kubwa, na nitalikalia zaidi ya mengine.

Vitu vingi kwenye chakula mtu anaweza kujitambulia mwenyewe. Nyama iliyooza inanuka, maziwa yaliyoharibika yanaganda, unga wenye wadudu unatambaa. Lakini soya iliyopandikizwa jeni ya kustahimili dawa ya magugu, ambayo ilianza kulimwa kibiashara mwaka 1996, haina rangi, harufu wala ladha inayoitenga na soya nyingine. Mahindi yenye jeni ya bakteria wa udongo aitwaye Bacillus thuringiensis, yanayojitengenezea protini ya kuua viwavi, ukiyashika mkononi ni mahindi tu. Macho hayasaidii, wala ulimi.

Maabara inasaidia, lakini mpaka mahali fulani. Mtaalamu wa maabara husaka kwenye unga vipande vya DNA ambavyo wahandisi wa jeni hupenda kuvitumia, kimojawapo kikiwa kipande cha kuwashia jeni kilichotolewa kwenye kirusi cha koliflawa. Akikipata, anajua pana kitu cha kufuatilia. Ila mafuta yakishasafishwa kiwandani, DNA karibu yote imekwenda na makapi. Sukari ya kiazisukari kilichohandisiwa ni sukari ile ile, molekuli kwa molekuli. Hapo hata mwenye mashine ya gharama anabaki kukodoa macho.

Ndiyo kusema kinachobaki ni karatasi: nani alimuuzia nani, kutoka shamba gani hadi ghala gani, hadi meli gani, hadi kiwanda gani. Umoja wa Ulaya waliliona hili mapema. Kanuni zao mbili za mwaka 2003, zilizoanza kutumika mwaka uliofuata, zinamtaka kila muuzaji amkabidhi mnunuzi wake maelezo ya maandishi kwamba bidhaa hii ina GMO au imetokana nayo, na kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Kwa hiyo kwao hata mafuta yasiyo na chembe ya DNA yanaandikwa lebo, kwa sababu wanafuata asili ya bidhaa, hawasubiri kipimo.

Angalia maana yake, Mheshimiwa. Ukweli kuhusu chakula changu upo, umeandikwa, uko kwenye faili la mtu. Yeye anaujua, mimi ninayemeza siujui.

Nikupe mfano mwingine ambao ulinifanya nicheke peke yangu. Jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho zamani kilitolewa kwenye tumbo la ndama aliyechinjwa. Tangu mwaka 1990 kimeng'enya hicho kinatengenezwa pia na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya ndama, na leo sehemu kubwa ya jibini la viwandani linagandishwa hivyo. Mtu asiyekula mnyama angeipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Angelinunua lile jibini kwa sababu hiyo hiyo! Lakini hakuandikiwa. Kumbe kufichwa kunamnyima mlaji hata habari njema.

2. “Ni salama” si jibu la swali nililouliza.

Najua utakachoniambia, na sehemu yake nakubali. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko sokoni kimataifa vimepita kwenye tathmini za usalama na haielekei kwamba vina hatari kwa afya. Mwaka 2016 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti ndefu, na hakikuona ushahidi uliothibitika kwamba mazao hayo yaliyoko sokoni ni hatari zaidi kwa afya kuliko ya kawaida. Mimi sina maabara ya kubishana nao, wala sina hamu.

Ila Shirika la Afya hilo hilo linasema kila chakula kipimwe chenyewe, kimoja kimoja, kwa kuwa jeni zinazopandikizwa hutofautiana. Na historia inaonyesha kwa nini. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ilichukua jeni ya njugu ya Brazili ikaipandikiza kwenye soya, nia ikiwa nzuri kabisa: kuongeza lishe kwenye chakula cha mifugo. Watafiti walipoipima kwa kutumia damu ya watu wenye mzio wa njugu hiyo, mzio ukaonekana umehamia kwenye soya. Matokeo yakachapishwa mwaka 1996, na soya ile haikufika sokoni. Watetezi wa GMO hupenda kuutumia mfano huu kuonyesha kwamba ukaguzi hufanya kazi, na wana haki. Mimi nautumia kuonyesha kwamba soya si lazima iwe soya tu.

Halafu kuna mahindi ya GMO yaliyoitwa StarLink. Yaliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa chakula cha mifugo na matumizi mengine yasiyo ya chakula tu, kwa sababu protini yake ilitiliwa shaka ya kuleta mzio. Septemba 2000 yakakutwa ndani ya vyakula vya binadamu, na bidhaa zaidi ya 300 zikaondolewa rafuni. Niseme na upande wa pili, nisije nikaambiwa nachagua: wataalamu wa afya waliwapima waliolalamika kuugua na hawakupata ushahidi kwamba ule ulikuwa mzio wa protini hiyo. Sawa. Lakini waliogundua mchanganyiko huo hawakuwa wakaguzi wa serikali. Walikuwa watu wa nje, wanaharakati, waliopeleka bidhaa za dukani maabara. Laiti wangengoja kitengo husika!

Na kuna jambo ambalo ofisi yako hulisahau kila mara: si kila anayetaka kujua anaogopa sumu. Yuko anayefuata amri za dini yake kuhusu asili ya chakula. Mwingine hapendi mbegu zenye hatimiliki, zile ambazo mkulima hazuiwi na hali ya hewa kuzirudishia shambani bali anazuiwa na mkataba. Mwingine anaangalia magugu yaliyozoea dawa mpaka hayafi tena. Mwingine amesikia kwamba glifosati, dawa ya magugu inayoendana na mazao mengi ya aina hii, iliwekwa mwaka 2015 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na kwamba mamlaka nyingine, ya Ulaya na ya Marekani, zimepinga hukumu hiyo. Naye ameamua kukaa pembeni wakati wakubwa wanabishana. Huenda wote hawa wamekosea. Kukosea kwa pesa yangu, kwenye sahani yangu, kunahitaji kibali cha nani?

Wala sijabuni haki mpya. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy aliliambia Bunge la Marekani kwamba mlaji ana haki nne: usalama, kuelezwa, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo yake ya kumlinda mlaji, na kupewa taarifa za kumwezesha kuchagua kumo ndani. Kila Machi 15 ofisi za namna ya yako hutoa hotuba kuhusu siku hiyo. Wewe umeisimamia haki ya kwanza ukadhani umemaliza zote nne.

3. Msimbo wa kuskani kwa simu si lebo.

Kiwanda kimoja unachokisimamia kimeanza mtindo wa kuweka kiboksi cha vidoti vyeusi, ati “skani upate taarifa zaidi”. Nilimpa mjukuu simu. Akaelekeza, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukafunguka. “Babu, imetupeleka kwenye shindano la kushinda mpira.” Tukatafuta chini ya mpira, chini ya picha za watoto wanaocheka, tukakuta sera ya faragha. Kuhusu soya, hakuna.

Wamarekani wameshalipitia jambo hili, na tungeweza kujifunza kwao bila kulipia ada. Sheria yao ya mwaka 2016 iliruhusu kampuni kutumia maandishi, alama au kiungo cha kuskani. Utafiti ulioagizwa na wizara yao ya kilimo yenyewe mwaka 2017 ulionyesha kwamba walaji wengi wangekwama kiufundi. Septemba 2022 mahakama ya shirikisho huko California ikasema wizara ilikosea kuuacha msimbo utoshe peke yake. Mtu mwenye pakiti mkono mmoja na mtoto mkono wa pili hawezi kufanya upelelezi mbele ya rafu.

4. Maneno yanachezewa.

Nitalipitia kwa haraka. Kuna wanaobadilisha jina ili mlaji asilitambue: huko Marekani lebo ya lazima, iliyoanza kudaiwa tarehe 1 Januari 2022, inatumia neno ambalo watu hawakulizoea badala ya GMO walilolijua kwa miaka ishirini na zaidi. Na kuna upande wa pili, wafanyabiashara wa hofu, wanaobandika “haina GMO” kwenye chumvi. Chumvi! Jiwe halina jeni hata moja. Hao nao wanamdanganya mlaji, na ningependa uwashike kwa mkono ule ule.

Na mbegu zilizohaririwa jeni kwa kifaa cha CRISPR, bila kuongezewa jeni ya kiumbe mwingine, zinakuja. Japani iliziruhusu nyanya za namna hiyo zikauzwa mwaka 2021. Julai 2023 Tume ya Ulaya yenyewe ilipendekeza baadhi ya mazao hayo yasamehewe lebo kwenye chakula. Nakuomba usisubiri mpaka yajae rafuni ndipo uunde kamati.

Mheshimiwa, nimekaa kwenye mabaraza ya kutosha kujua visingizio vitakavyoletwa. Nivijibu hapa hapa ili tusipotezeane muda.

Kwanza, “lebo itawatisha wananchi.” Hiki ndicho nilichojibiwa kwa mdomo na afisa mmoja, siku ile ya barua ya kwanza, tukiwa tumesimama kwenye korido. Alinishika bega akasema, “Mzee, watu wetu hawajaelimika kiasi hicho.” Mimi ni mmoja wa hao watu wake. Ninasoma karatasi ya insulini.

Tuache hisia, tuangalie yaliyotokea. Mwaka 1996 maduka mawili makubwa ya Uingereza yaliuza nyanya ya kopo iliyotengenezwa kwa nyanya za GMO, na kopo likaandikwa waziwazi hivyo, tena kwa kujigamba. Lilikuwa na nafuu ya bei na watu wakalinunua kwa wingi. Upepo ulikuja kugeuka, na kufikia mwaka 1999 makopo yakatoweka. Lakini kati ya hapo kulitokea nini? Mwaka ule ule wa 1996 soya ya GMO ilianza kuingia Ulaya ikiwa imechanganywa na nyingine, haina lebo, haina kutenganishwa, na watu wakajikuta wanaila ndani ya vyakula visivyohesabika bila kuulizwa. Mimi siwezi kuapa kwamba hicho tu ndicho kilichowakasirisha. Wakati ule walikuwa bado na kidonda cha ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Ila kopo lililosema lilipata wateja, na gunia lililonyamaza likazua vita.

Na kuna Vermont, jimbo dogo la Marekani. Sheria yake ya lebo ilianza kazi tarehe 1 Julai 2016, ikaishi wiki chache tu kabla ya sheria ya taifa kuifuta. Watafiti waliokuwa wakiwauliza watu maoni yao kabla na baada walichapisha matokeo mwaka 2018: upinzani dhidi ya vyakula vya GMO ulipungua Vermont kwa asilimia 19 ukilinganisha na kwingineko. Ulipungua! Watu walipoona maneno yale kwenye pakiti walizozizoea, walitulia. Mwenye kiwanda anayeamini bidhaa yake ni njema angepaswa kuwa wa kwanza kuomba wino.

Pili, “gharama itapanda.” Kampuni zinazouza Ulaya zinaandika lebo za Ulaya leo hii, na wino wao haujawafilisi. Vermont ilipokaribia kuanza, kampuni kadhaa kubwa za chakula ziliamua kuandika lebo kwa nchi nzima badala ya kuchapisha pakiti za jimbo moja. Viwanda hubadilisha pakiti kila kukicha, mara picha ya mchezaji, mara “ladha mpya”. Gharama ya kweli iko kwenye kutenganisha mazao na kutunza kumbukumbu, hilo nalikubali, lakini wanaonunua nafaka kwa ajili ya soko la Ulaya tayari wanalifanya.

Tatu, “haiwezekani kuhakikisha mia kwa mia.” Hakuna aliyedai hivyo. Punje huchanganyika ghalani na kwenye meli, na ndiyo maana nchi zimeweka kiwango cha msamaha kwa mchanganyiko wa bahati mbaya: Umoja wa Ulaya asilimia 0.9, Australia na New Zealand asilimia 1, Marekani asilimia 5 kwa kila kiambato. Chagua chako, utupe sababu. Brazili wao wana pembetatu ya njano yenye herufi T kwenye pakiti, tangu mwaka 2003. Mtoto asiyejua kusoma anaitambua.

Nne, “hakuna makubaliano ya kimataifa.” Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula duniani, ilibishana juu ya lebo hizi kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2011 iliishia kupitisha waraka unaokusanya miongozo yake iliyokuwepo na kukubali kwamba nchi zinaweza kufuata njia tofauti. Mlango haukufungwa. Na kama utaniambia kanuni tayari ipo kwenye makabati yenu, basi ombi langu ni dogo zaidi: itoeni kabatini.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Kila chakula chenye viambato vilivyotokana na mazao au vijidudu vya GMO kiandikwe hivyo kwa maneno, kando ya orodha ya viambato, kwa ukubwa wa herufi usiopungua ule wa kiambato chenyewe. Msimbo wa simu uwe nyongeza tu.

(b) Kigezo kiwe asili ya kiambato, ili mafuta, sukari na lesithini visiponyoke.

(c) Waagizaji na wenye viwanda watunze kumbukumbu za kila shehena kwa miaka isiyopungua 5, na mlaji akiuliza kwa maandishi ajibiwe ndiyo, hapana, au hatujui. Hata “hatujui” nitaipokea, maana angalau itakuwa ya kweli.

(d) Matokeo ya ukaguzi wenu wa maabara, yakiwemo yasiyopendeza, yachapishwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma.

(e) Madai ya “haina GMO” kwenye chumvi, maji na mengine yasiyo na jeni yapigwe marufuku.

(f) Msimamo kuhusu mazao yaliyohaririwa jeni utangazwe kabla hayajafika madukani, na walaji waitwe kutoa maoni.

Huenda utanijibu kwamba haya yote yanahitaji bunge, bajeti na kikao. La (c) halihitaji. Waraka mmoja wenye sahihi yako unatosha kuanzia, na dada yule wa huduma kwa wateja atapata cha kunijibu bila kuniwekea muziki.

Nimeambatanisha nakala za barua zangu tatu, ya kwanza ikiwa na muhuri wenu, na namba mliyonipa, pamoja na ile pakiti, tupu na iliyokunjuliwa. Mjukuu amezungushia lesithini ya soya kwa kalamu nyekundu. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, kwa kila hoja na namba yake. Likija, nitalitangaza pale pale nilipoitangaza barua hii, hata kama linanipinga.

Wako kwa heshima,

Mlaji, mwenye malalamiko namba iliyoko kwenye kiambatisho